Mkono wa Kushoto wa Ngeleka

Ngeleka alikuwa na mikono mikubwa, na mikono hiyo ilimharibia maisha mara mbili kabla hajafikisha miaka arobaini. Mara ya kwanza ilivunja taya la msimamizi wa zamu kule kwenye shimo la shaba, Kolwezi, mchana kweupe, mbele ya watu. Mara ya pili, miezi mitatu baadaye, ilimpiga mke wake Mbelu mpaka jicho likafumba. Hapo hapana cha kupamba. Majirani walisikia kila kitu, na hakuna hata mmoja aliyebisha hodi.

Msimamizi alikuwa amemwambia kwamba baba yake aliletwa kutoka Kasai ndani ya behewa, kama mbuzi. Mzee huyo alichimba shaba miaka thelathini, akakohoa miaka miwili, akazikwa hapohapo Kolwezi. Ngeleka hakujibu kwa mdomo. Ngumi ilikuwa moja tu, lakini kampuni ilimfukuza siku ileile, na miaka tisa ya kuendesha lori kubwa la mawe ikaenda na maji.

Mbelu yeye hakupiga kelele. Jicho lilipofunguka, alichukua valizi, sanduku lao la safari, akaweka nguo za watoto, akaifunga kwa kamba ya katani, akaisimamisha nyuma ya mlango. Kisha akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama kawaida yake.

“Tata Kabeya, sikia muzuri. Ile valizi itabakia pale. Siku utapiga tena mutu, mi ao mwingine, tunapanda train ya kwetu Mwene-Ditu na batoto. Hautatuona tena.”

Mbelu hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Valizi ikabaki pale, na kila asubuhi Ngeleka aliipita akitoka, na kila jioni aliipita akirudi.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Watu waliofukuzwa na kampuni walikuwa wengi kuliko kazi zilizokuwepo. Ndipo akasikia kwamba Mama Laurentine, mwenye tanuri la mikate karibu na soko, anatafuta dereva wa kupeleka mikate Kingamyambo na vijiji vya njia ya Mutshatsha. Ngeleka alicheka. Yeye aliyeendesha lori lenye gurudumu refu kupita mlango wa nyumba, leo ahangaishwe na kigari cha mikate! Lakini Mama Laurentine hakujali magurudumu ya mtu. Kwake kila dereva alifundishwa wiki sita na Polycarpe, kisha akapewa mtihani wa njiani.

Polycarpe alikuwa mzee mfupi, mkavu, mwenye sauti ya kuku mgonjwa. Serikali ilikuwa imekataza majina ya watakatifu, lakini hata askari walimwita Polycarpe. Alifundisha akiwa na kipande cha mpira wa radiata mkononi. Kosa moja, pigo moja la pajani. Naye alifundishwa hivyohivyo na Mbelgiji mmoja zamani, na hakuamini kama kuna shule nyingine duniani.

Kosa la Ngeleka lilikuwa moja, lilelile kila siku. Kule shimoni malori yote yalipita upande wa kushoto. Dereva wa lori lile hukaa kushoto, na akishika kushoto anaona vizuri ukingo wa njia, asije akatumbukia na mawe yake. Miaka tisa alipanda na kushuka hivyo, na huko kushika kulia kulikuwa kifo. Sasa mjini mambo yaligeuka. Akiwa ametulia, alishika kulia kama watu wote. Lakini mbuzi akikatiza ghafla, au lori likipiga honi nyuma yake, mikono iliuvuta usukani kushoto kabla kichwa hakijasema neno.

“Kuume!” Polycarpe alipiga kelele, na mpira ukalia pajani. “Uko kwa barabara, hauko kwa shimo! Kuume!”

Mapaja yakavimba, yakapasuka, yakafanya makovu, yakapasuka tena. Ngeleka angeweza kumvunja mzee yule kwa mkono mmoja, na wote wawili walijua. Zipo siku alimwona tayari amelala chini, damu puani, na picha hiyo ikampa raha mpaka akajiogopa. Lakini kila mpira uliposhuka aliifikiria valizi nyuma ya mlango. Wiki ya tano hakuvuta kushoto hata mara moja, na Polycarpe akauweka mpira chini ya kiti.

Siku ya mtihani Mama Laurentine alisimama mwenyewe mlangoni, unga hadi kwenye viwiko.

“Tata Ngeleka, mikate ikifika yote, camion ikirudi muzima, kesho uko chauffeur wangu. Ikikosa, usinirudilie hapa.”

Waliondoka jua likiwa bado changa. Mikate ilikuwa ya moto, na harufu yake ilijaa kibanda cha dereva. Polycarpe alikaa kando yake, mikono mitupu juu ya magoti, maana siku ya mtihani mwalimu hasemi wala hapigi. Ngeleka alipita sokoni vizuri. Akapita penye shule vizuri. Akafika mahali njia inapokata reli, ambapo askari walikuwa wamelaza gogo barabarani.

Gogo hilo lilikuwa sehemu ya mtihani vilevile. Dereva wa mikate hasubiri kuombwa. Chini ya kiti unakaa mfuko wa askari, mikate miwili kwa kila mtu, na unautoa mapema, kwa mikono miwili, pamoja na salamu. Ngeleka alifanya hivyo barabara. Ila askari wa siku hiyo walikuwa wageni, hawajalipwa, na mkubwa wao alikuwa amekunywa tangu kabla ya jogoo. Aliitazama mikate, akaitupa matopeni, akaikanyaga.

“Leta sanduku muzima.”

Polycarpe alishuka upesi, mgongo umeinama. “Chef, pardon. Mikate ya mama iko ya batu. Tunakuongezea kidogo…”

Kitako cha bunduki kilimkuta mdomoni. Mzee akaanguka chali, na kabla hajageuka kiatu kikamwingia mbavuni, mara ya kwanza, mara ya pili. Kisha mkubwa yule akafungua mlango wa dereva.

“Na weye Muluba wa Kasai, unaniangalia nini?”

Akampiga kofi. Akampiga la pili. La tatu lilipasua mdomo, na Ngeleka akaonja damu. Shingo ya askari ilikuwa karibu kabisa, nyembamba, yenye upele, na mkono mmoja ungetosha. Ngeleka akaushika usukani kwa mikono yote miwili akaubana, akaubana mpaka machozi yakamtoka. La nne. La tano. Hakuachia. Askari wakachoka na mtu asiyejibu. Wakashusha masanduku mawili ya mikate, wakaondoa gogo.

Polycarpe alipanda akiwa na meno mawili kwenye kiganja. Akajifunika uso kwa shati.

“Enda,” alisema.

Ngeleka akaenda. Mdomo ulikuwa bado unavuja damu, lakini ndani alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuijua. Sikupiga, alijiambia. Mbelu, sikupiga! Alitaka kusimamisha gari akawaambie watu wa njiani. Na baada ya reli njia huteremka, nyekundu, yenye vumbi, katikati ya matuta mawili ya udongo uliochimbwa. Inafanana na njia ya shimoni. Moyo ulikuwa juu, kichwa kilikuwa kwa Mbelu, na mikono ikafanya ilivyozoea miaka tisa. Ikashika kushoto. Polycarpe hakuona kitu, shati lilikuwa usoni.

Kwenye kona alikuwa anakuja Mwamba.

Mwamba alikuwa muuza makala, makaa ya miti. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka upande wa Mutshatsha akisukuma kinga, baiskeli isiyo na pedali, yenye mifuko minne ya makala iliyopita kichwa chake. Mtu anayesukuma mzigo wa namna hiyo hawezi kuruka. Mkono mmoja uko kwenye usukani wa kinga, mwingine kwenye fimbo iliyofungwa nyuma ya kiti. Alikuwa upande wake, upande wa haki yake. Ngeleka aliona macho ya mtu huyo, akakumbuka kulia, akavuta, na ilikuwa imechelewa.

Chuma kililia. Makala yakapiga kioo kikawa cheusi. Gurudumu likapanda juu ya kinga, likapanda juu ya mguu, likashuka.

“Enda!” Polycarpe alipiga kelele kwa mdomo wa damu. “Usisimame! Enda mpaka kwa kituo ya jandarme! Batakuua!”

Hilo lilikuwa somo la siku ya kwanza kabisa, kabla ya honi na breki: dereva aliyegonga mtu hasimami. Ngeleka alisimama. Alishuka akimkimbilia yule mtu, na hakumfikia. Watu walitoka mashambani na majumbani na chochote kilichokuwa mkononi. Jembe lilimpata begani. Mama mmoja alimshindilia mchi mgongoni, akilia huku anapiga. Jiwe likafungua paji la uso. Ngeleka alipiga magoti, akaingiza mikono chini ya makwapa, akaifungia huko kama anafungia mbwa, na watu wakaendelea kumpiga kichwani.

Aliyemwokoa ni Mwamba mwenyewe, kutoka chini.

“Mumuache! Mukimuua, nani atanipeleka kwa hospitali?”

Wakaacha. Polycarpe akaendesha. Ngeleka alikaa nyuma, kwenye masanduku ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyamaliza mikate, akaushika mguu wa Mwamba kwa mikono miwili njia nzima ili mfupa usicheze. Kila shimo la barabara Mwamba alimtukana, na matusi hayo aliyastahili yote.

Walipomwacha Mwamba hospitalini wakarudi, Mama Laurentine alilizunguka gari mara moja. Akamtazama Polycarpe.

“Kushoto,” alisema Polycarpe, akatazama chini. Wiki sita za mpira zilikuwa zimepotea.

“Umeanguka, tata,” Mama Laurentine akamwambia Ngeleka, akarudi kwenye tanuri lake.

Ngeleka alipoingia nyumbani, Mbelu aliuona uso ule, uliovimba na kupasuka, na hakuuliza. Alinyoosha mkono nyuma ya mlango, akaishika valizi, akaita watoto.

“Mama Kabeya,” Ngeleka alisema. “Angalia kwanza mikono.”

Mbelu akasita. Aliijua mikono ya mumewe baada ya ugomvi. Aliwahi kuiosha. Akaichukua, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya vifundo kimoja kimoja. Hapakuwa na hata mchubuko.

“Hii mikono haikupiga,” alisema taratibu.

“Haikupiga. Lakini imevunja mutu.” Akamweleza yote, mpaka kona.

Mbelu akauliza: “Ule mutu iko na batoto?”

“Sita.”

Akairudisha valizi mahali pake, bila kuifungua. “Kesho tunaenda kuko. Weye na mi.”

Walimkuta Mwamba hospitalini, mguu katikati ya mbao mbili, fimbo yake ya kinga kando ya kitanda. Ngeleka akapiga magoti sakafuni. Alisema hakuja kuomba msamaha, alikuja kuchukua kazi. Atasukuma makala ya Mwamba, atauza, ataleta yote kwa Mwamba, mpaka mguu utembee.

Mwamba alimsikiliza mpaka mwisho. Macho yake yalikuwa mekundu kwa maumivu.

“Mukono gani njo ulivuta volant ya gari?”

Ngeleka akanyoosha wa kushoto.

“Weka hapa.”

Akauweka juu ya chuma cha kitanda. Mwamba akainua fimbo, akajiinua nusu, akaishusha kwa nguvu zote za kifua chake. Vidole viwili vilivunjika, na mlio wa mifupa ulisikika mpaka kitanda cha mwisho. Ngeleka aliguna kama ng’ombe. Na hapo mkono wake wa kulia, mkono uliovunja lile taya, ukakunjika wenyewe ukawa ngumi, ukainuka.

Mbelu hakutazama vidole vilivyovunjika. Alitazama ngumi ile.

Ngumi ilikaa juu. Kisha kidole kimoja kikafunguka, na kingine, na mkono ukashuka polepole ukalala juu ya goti.

Mwamba akatupa fimbo chini, akageukia ukutani. “Kinga iko kwa fundi,” alisema. “Mifuko iko mine. Ushike kuume.”

Mbelu akapasua upindo wa kitenge chake, akafunga vidole vile, akakaza bila huruma.

Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, Ngeleka alikuwa uani na kinga ya Mwamba, akihangaika kufungia mifuko mitupu nyuma kwa mkono mmoja. Kamba ya zamani ilikuwa imekatikia chini ya gari. Mbelu alimtazama kutoka mlangoni. Akaingia ndani, akapiga goti mbele ya valizi, akaifungua ile kamba ya katani, akamletea.