Chanya Kwenye Bodi

Nilirudi Kibiti na cheti cha ufundi umeme wa magari, nimekifunga kwa nailoni mbili kisilowe. Kozi yenyewe ilikuwa ya miezi sita, na katika miezi sita mtu huwa keshaumaliza umeme wote wa duniani. Kwa hiyo shangazi yangu aliponiita nilitazame gari la marehemu mumewe, nilikwenda kwa huruma, kama daktari bingwa aliyeitiwa mafua.

Lilikuwa gari la Kiingereza la zamani, lenye pua ndefu. Lilikuwa limelala kwenye banda la makuti tangu miaka ile ambayo ukitaka futi mbili za waya unahitaji barua tatu na ndugu ofisini. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Panya, ambao hawakungoja ruksa ya mtu, walikuwa wametafuna nyaya kuanzia dashibodi mpaka taa za nyuma. Sasa ruksa ilikuwa imetoka, maduka ya Kariakoo yamejaa waya wa kila rangi, na shangazi alitaka gari liwake aende nalo Nyamwage kumwona dada yake.

"Mwanangu," aliniambia, "kabla hujang'oa, funga kitambaa kwenye kila waya ujue ulikotoka. Marehemu alikuwa akifanya hivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi."

Nikacheka kwa adabu. "Shangazi, siku hizi tunatumia mchoro."

Mchoro ulikuwa wa gari jingine, lakini hilo niliona dogo. Kwa siku moja niling'oa nyaya zote nikazirundika uani kama utumbo wa ng'ombe siku ya Idi. Siku tisa zilizofuata nilifunga mpya. Nikijaribu kwa betri ya pikipiki niliyoazima, nikikanyaga breki, waipa zinafagia kioo. Nikiwasha indiketa ya kulia, honi inalia. Majirani wakaanza kuja na mikeka. Shangazi alikuwa akipeta mchele. Kila honi ilipolia anainua macho, kisha anarudi kwenye ungo wake.

Siku ya kumi kila kitu kilikaa mahali pake. Nikaleta betri ya gari.

"Chanya inakwenda kwenye bodi," akasema shangazi.

Nikamweleza taratibu, kama mtoto, kwamba katika magari yote ulimwenguni kinachofungwa kwenye bodi, yaani kwenye bati la gari lenyewe, ni hasi ya betri.

"Haya. Mimi nilishika tochi tu."

Nikafunga hasi. Taa zikawaka. Injini ikanguruma, majirani wakapiga takbiri. Nikakanyaga mafuta zaidi, wa mbali nao wasikie. Ndipo moshi ukaanza kutoka chini ya boneti. Dainamo ilikuwa inasukuma umeme huku na betri inasukuma kule, kwani magari ya Kiingereza ya zamani yalifungwa kinyume, lakini hayo niliyaelewa baadaye. Wakati ule nilielewa jambo moja tu, nalo ni kukimbia. Aliyefungua boneti na kuchomoa waya wa betri, mkono ameuzungushia khanga, ni shangazi.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alinipa chai, halafu akaleta mkebe wa vitambaa. Tukaanza upya, yeye akielekeza, mimi nikifunga. Majina ya kitaalamu hakuwa nayo. Alikuwa na "ule wa jichoni" na "ule unaopita chini ya miguu ya abiria". Hakukosea hata mmoja. Tulipofika kwenye swichi ya taa aliigusa kwa kidole.

"Hapa marehemu alikuwa akikosea kila mara," akasema. "Namwambia, hasikii." Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya khanga.

Tukafunga chanya kwenye bodi. Akanionyesha jinsi ya kuigusisha dainamo waya wa betri mara moja, cheche iruke, ijue upande wake. Injini ikawaka, na mara hii hakuna kilichofuka.

Nikaenda upande wa usukani. Shangazi alikuwa keshakaa.

"Kwani unajua kuendesha?" nikamuuliza.

"Wewe je, wajua?"

Kozi haikufika huko. Nikazunguka upande wa pili.

Njia nzima aliendesha kwa mikono miwili, na kwenye mashimo alipita polepole kama aliyebeba mayai. Tulipofika Nyamwage, dada yake aliruka akauliza nani kalifufua gari.

"Huyu hapa, mtoto wa kaka yetu," akajibu shangazi. "Kafanya peke yake."

Nilifungua mdomo niseme kweli. Lakini mwenyeji akanitengea kidari cha kuku, mbele ya watu wote, akanisifu. Nikakila chote, huku shangazi ananitazama.