Aliyetoka Kabla ya Mkate

Mtaa mzima wa Ngokolo unajua kwamba mimi sina kifua. Ukininong'oneza jambo asubuhi, saa nne limeshafika sokoni. Ndiyo maana nashindwa kujisamehe, maana jambo moja nililopaswa kumwambia mtu mmoja nilikaa nalo miaka tisa.

Mtu mwenyewe ni Limi Ngusa, fundi baiskeli, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Ukimwona leo na ovaroli lake la grisi, jicho moja kalifumba ananyoosha ringi, huwezi kudhani ndiye mwanamke wa kwanza kutoka kwetu kuvaa jezi ya taifa kwenye mbio za baiskeli. Alianza kwa kuchota maji huko kijijini kwao, madumu mawili nyuma, kilima hadi kilima. Mwaka 2012 wafanyabiashara wa dhahabu wa Katoro waliandaa mbio za kwenda Ushirombo, wanaume watupu. Limi akajitokeza. Walimcheka mpaka mstarini. Ushirombo alifika wa tatu, na baadhi ya waliomcheka walimkuta ameshanawa vumbi na anakunywa soda.

Tatizo likawa kaptura. Alivaa ile ya kubana ya waendesha baiskeli, mtu akampiga picha, na picha ikafika kwenye simu za wazee wa kanisa letu kabla mwenyewe hajarudi nyumbani. Kanisa letu ni dogo, la bati, na lina utaratibu wake: aliyekosa hutengwa na meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu. Wakamwita. Mchungaji Benjamini akamuuliza kama yuko tayari.

"Baba Mchungaji," Limi alisema, "nikitubu kwa kitu alichonipa Mungu mwenyewe, nitakuwa namdanganya mbele yenu. Siwezi."

Akatengwa, bila kutajiwa mwisho.

Mwingine angehama. Makanisa Shinyanga hayana uhaba. Yeye alibatizwa pale na mama yake alizikwa kutokea pale, kwa hiyo kila Jumapili alikuja na baiskeli, gauni limefunika magoti, akakaa benchi la nyuma peke yake. Meza ya Bwana kwetu ni mara nne kwa mwaka. Siku hiyo, kabla ya mkate, mzee wa kanisa hutangaza wasioshiriki watoke, kisha mlango hufungwa. Watoto hutoka mbio. Limi alitoka nyuma yao, mtu mzima na akili zake, akaenda kusimama na baiskeli yake chini ya dirisha mpaka tumalize.

Mwaka 2014 timu ya taifa ilimpeleka Afrika Kusini kushindana. Katika wanawake wote waliosimama mstarini, mweusi alikuwa yeye peke yake. Hakuna aliyemtukana, na hakuna aliyemsalimia.

"Kila mlima nilisali kwa Kisukuma," aliniambia aliporudi. "Nilimwambia Mulungu, nikifika salama nipe kitu kimoja tu: nile mkate na watu wangu."

Alimaliza wa arobaini na kitu. Jezi aliitundika juu ya kitanda, akaendelea kuungoja mkate.

Mwaka uliofuata wazee walikaa tena. Sijui nani aliwalainisha, lakini waliamua Limi arudishwe kundini bila toba yoyote. Mzee Marcel, katibu wetu, akaisoma barua ya uamuzi huo siku ya meza ya Bwana ili aanze kushiriki papo hapo. Aliisoma vizuri, kwa sauti nzito. Ila aliisoma baada ya wasioshiriki kutoka.

Tukasema amina, na yangu ilikuwa kubwa kuliko zote. Hakuna aliyefungua mlango. Mzee Marcel alidhani mchungaji atamwambia, mchungaji alidhani barua imemfikia, nami nikajiambia mambo ya wazee yana wenyewe, nisionekane kimbelembele. Siku ambayo kimbelembele kingefaa ndiyo siku niliyokuwa na adabu!

Miezi mitatu baadaye Limi akatoka tena na watoto. Tukatazamana.

"Anatususia," alinong'ona Paskalia wa kwaya. "Jezi imempanda kichwani."

Nami nikatikisa kichwa kukubali. Tangu hapo tukawa tunamsalimia nusunusu. Krismasi nilimsikia kupitia ukutani, sahani moja, kijiko kimoja, na redio.

Mwaka jana, mwezi wa nne, nilimpelekea baiskeli ya binti yangu Dorah atengeneze cheni. Mdomo ukaniwasha.

"Limi, hivi utatususia mpaka lini?"

"Kuwasusia nini, Mama Dorah?"

"Meza ya Bwana. Tangu urudishwe hujakaa hata mara moja."

Cheni ilimponyoka mkononi. "Nilirudishwa lini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa juu ya tairi bovu.

"Siku hiyo mimi nilikuwa wapi?"

"Nje."

"Nje wapi?"

"Pale dirishani, na baiskeli yako."

Hakulia. Bora angelia, ningejua la kufanya.

"Kutoka benchi lako mpaka mlangoni ni hatua ngapi, Mama Dorah?"

Ni tisa. Nimezihesabu kila Jumapili tangu siku ile.

Mwezi wa sita ikafika zamu ya meza ya Bwana. Mzee akatangaza wasioshiriki watoke. Limi akainuka nusu kwa mazoea, kisha akarudi kukaa. Mlango ukafungwa naye yumo ndani, na kanisa zima likajifanya halimtazami. Sinia lilipomfikia alichukua kipande chake. Akasimama nacho kiganjani, akafungua mlango mwenyewe, akatoka.

Paskalia akanigeukia ili tunong'one. Safari hii sikumngoja mtu. Nilichukua mkate wangu, nikazitembea hatua tisa.

Nilimkuta palepale pa siku zote, mkate bado mzima mkononi.

"Umefuata nini huku, Mama Dorah?"

"Nimekuja kula na wewe. Mbona umetoka, mwenzetu? Si uliungoja miaka yote hii?"

"Huku ndiko Yesu alikokuwa anakaa na mimi," alisema. "Nimeona haya kumwacha peke yake."

Jua lilikuwa kali, na chini ya lile dirisha kivuli kinamtosha mtu mmoja na baiskeli yake. Limi akaisukuma baiskeli juani, akanisogezea nafasi, tukala.