Jicho la Kazi

Shemeji yangu alikuwa na jicho moja la kazi. Ndivyo alivyoliita mwenyewe. La kushoto lilikuwa hafifu tangu utotoni, "la kutembelea tu," alisema, na la kulia ndilo alilochongea mpingo miaka yote kwenye baraza la nyumba yake, mtaa wa Likombe. Mimi ndiye niliyeliharibu. Nalisema mapema nisije nikajipamba huko mbele.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Nililetwa Mtwara na kazi, nikaoa dada yake, nikabaki. Wenzangu jioni wanacheza bao, mimi nafungua mashine mbovu za kuchomea DVD. Ndani yake mna kijicho cha leza, kidogo kuliko punje ya mtama. Ukikitoa kwa uangalifu, ukakipa betri na resista ya kubania umeme, unapata mwanga mwekundu unaofika ukuta wa mbali. Nilitaka wa kuonyeshea ubaoni, maana darasa langu limejaa hadi madirishani.

Kanuni naijua, na nimeifundisha kwa mdomo wangu huu: leza ya kuonyeshea isizidi miliwati tano. Hapo jicho likipigwa hupepesa, likajiokoa. Kijicho cha mashine ya kuchomea kinaweza kutoa mara ishirini ya hapo, kwa hiyo lazima ukibane. Kipimo sikuwa nacho. Nilikuwa naelekeza mwanga kwenye kichwa cha kiberiti nilichokipaka wino mweusi. Kisipowaka, nasema iko sawa. Upuuzi mtupu! Leza inaweza kushindwa kuwasha kiberiti na bado ikaunguza jicho. Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Leza yangu kwanza niliifunga ndani ya bomba la alumini. Sura haikuwa nayo, lakini bomba lilinyonya joto likalitoa nje, na leza ikakaa imetulia. Shemeji alipoiona alicheka mpaka akaweka patasi chini.

"Mwalimu mzima unatembea na kipande cha antena! Lete nikuvalishie."

Nyumba ile, kitu cha heshima huvishwa mpingo. Mpini wa kisu, bakora, hata kalamu ya mtoto aliyefaulu. Ningekataaje? Akachagua kipande cheusi kisicho na ufa, akakitoboa kwa keekee. Kila alipotoboa kidogo alikiinua, akafumba jicho la kushoto, akachungulia tundu kwa la kulia kuona kama limenyooka. Kazi zake zote alizipima hivyo. Nimekaa naye baraza lile siku nyingi, nimemwona akichungulia hivyo mara nyingi mno, na bado sikujihadhari. Kitufe akakiweka palepale dole gumba linapokaa lenyewe.

Jamani, kilikuwa kitu kizuri. Lakini mpingo ukishikilia joto hauliachii. Na kijicho cha leza kikipata joto hufifia, hata kama kinakula umeme uleule. Dakika tatu darasani, nukta inazimika mbele ya watu, na darasa zima linanipigia kelele, "Ticha, betri!" Nikaudhika. Mtu mwenye akili angeitoa leza ndani ya ule mti. Mimi niliona haya kumwambia shemeji kwamba zawadi yake haifai. Nikachukua bisibisi, nikageuza resista kuongeza umeme leza ikiwa inawaka, ya moto mkononi, mpaka nukta ikarudi kung'aa. Nikaijaribu kwa kiberiti. Hakikuwaka. Nikajipongeza.

Niliipima ikiwa imechoka. Hilo ndilo kosa langu lote. Ikipumzika ikapoa, siku ya pili inaamka na nguvu zote nilizoifungulia.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba, na kile kibaridi cha Mtwara. Nilimpelekea aone inavyowaka sasa. Mkewe alikuwa amenipa uji, ndio kwanza nimeupuliza.

"Haina madhara hii?" shemeji aliuliza.

"Haina neno, shemeji. Kama tochi tu."

Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuzageuza, akapapasa ule mti wake. Kisha akaiinua, akafumba jicho la kushoto.

Nilipiga kelele, uji ukanimwagikia mapajani. Dole gumba lilikuwa limeshakaa pale alipolitengenezea mahali yeye mwenyewe.

"Ala!" alisema, wala si kwa sauti kubwa. Akasugua jicho. Akatazama patasi, akatazama mikono yake, akanitazama mimi. "Shemeji, uso wako una tundu katikati."

Chumbani kwa daktari wa macho tulisema kweli yote. Daktari akatueleza kwamba pameungua katikati kabisa, pale mtu anapoonea vitu vidogo. Pembeni ataona, katikati hapana, na dawa hakuna. Nje, mke wangu alikuwa anasubiri kwenye benchi. Kabla sijafungua mdomo, shemeji akamwambia, "Kipande cha mpingo kimenirukia jichoni, dada. Ajali ya kazi." Hakutaka kuitia nyumba yetu ugomvi. Nami nikanyamaza. Miezi ikapita nikiwa nimenyamaza. Mke wangu alimgombeza kaka yake kwa kutovaa miwani ya kazi, na mimi nimekaa hapohapo namega ugali wangu. Naona aibu hata kuandika.

Juzi tulikwenda kumtembelea. Nilimkuta barazani na keekee yake, anatoboa mpini wa kisu kwa kupapasa. Akanisikia, akaninyooshea ule mpini.

"Chungulia wewe. Limenyooka?"

Nikaupokea. Nikafumba jicho moja. Tundu lilikuwa limekwenda kombo, hata mtoto angeona. Katika miaka yote sikuwahi kuona tundu lake likienda kombo. Neno "limenyooka" lilikuwa limeshafika ulimini, tamu kabisa, la kumpoza.

"Limepinda, shemeji."

Kisha akauchukua mpini, akautupa kwenye rundo la kuni.

"Najua limepinda. Kidole kimeshaniambia. Nilitaka nione kama utanidanganya tena."

Hakukasirika. Afadhali angekasirika! Akachukua kipande kingine, akaanza upya kukipapasa kutafuta katikati yake.

Nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa jikoni anakuna nazi na wifi yake, wanacheka jambo lao.

"Mama," nikamwita, "jicho la kaka yako halikupigwa na mpingo. Ni mimi."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza.