Mshale Uliobaki Mornécourt

Kwa miaka thelathini na mmoja Odile Vauthrin aliwapelekea barua watu wa vijiji vyetu vya Meuse, mashariki ya Ufaransa, kwa baiskeli ya manjano ya posta, na alipostaafu hakuona sababu ya kushuka. Akajiunga na klabu ya baiskeli ya Rembésieux, ambako mumewe Fernand alikuwa mwanachama tangu ujana, na wote wawili wakatwishwa kazi ambayo wengine waliikwepa: kuchora mishale na kuifuta.

Kazi yenyewe ni hivi. Kila Mei klabu huandaa safari ya kilomita themanini kupitia makanisa ya kale, ngome zilizobomoka na vijiji vilivyouawa na Vita Vikuu vya Kwanza. Siku moja kabla, Odile alipita na debe la chokaa akichora mshale kila njia panda, mkia wake umepinda kidogo, maana mkono wake haujui kunyoosha. Siku ya safari yenyewe Fernand alikuwa mfagiaji. Mfagiaji huondoka wa mwisho, hampiti mtu yeyote, na kila mshale anaoufikia huufuta, ili wiki ijayo mgeni asije akapotezwa na alama za watu waliokwisha kurudi makwao. Fernand hakushuka hata kwenye baiskeli. Aliegemea mguu wa kulia, akauburuza wa kushoto juu ya chokaa, akamalizia kwa kuzungusha kisigino, ikabaki alama ya mwezi mwembamba. Watu walimcheka kwa mbwembwe hiyo, naye alipenda kuchekwa.

Mwaka mmoja ilitabiriwa mvua. Odile akaona chokaa tupu haitadumu, akaikoroga na maziwa, kama bibi yake alivyokuwa akipaka kuta za zizi. Ilishika kweli. Kwenye njia panda ya Mornécourt Fernand aliburuza mguu mara ya kwanza, akaburuza mara ya pili, kisha akaukumbatia usukani, uso wake umekuwa rangi ya ile chokaa. Ulikuwa moyo. Gari likaja kumchukua, na mshale ukabaki.

Alidumu hadi Novemba, kitandani, kando ya dirisha. Kila jioni baada ya supu aliuliza swali lile lile.

"Ule mshale wa Mornécourt umefutika?"

"Mvua imeshaufuta, bwana. Kunywa dawa."

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimeuona."

Hakuwa ameuona. Hakurudi pale hata siku moja, kwa sababu hakuweza kupatazama mahali mumewe alipovunjika. Alimdanganya kila jioni kwa miezi sita, na siku ya mazishi uongo ule ndio uliomlemea kuliko msiba wenyewe.

Mei ikarudi. Régis Thouvenel, mwenyekiti wa klabu, mtu wa maneno mengi na tumbo la kuyabeba, alisema mwaka huu hakuna haja ya mfagiaji.

"Mvua itafagia, Odile. Wewe panda na wenzako, ufike ukumbini pai ingali moto."

"Nitafagia mimi."

"Utakuta pai imeisha."

"Basi nibakizieni makombo. Mwaka mzima unatulisha hotuba na hatujafa."

Wakacheka, likapita. Odile aliomba jambo moja tu, mishale ya upande wa Mornécourt aichore Régis. Njia haikuingia tena msituni, kulikokuwa kijiji chenyewe; sasa kwenye njia panda iligeukia kushoto. Dhoruba ya majira ya baridi ilikuwa imeng'oa miti, na mizizi ilipoinuka iliinua makombora yaliyolala ardhini tangu vita, kwa hiyo watu wa misitu wakaifunga ile njia ya zamani kwa utepe. Régis alikubali. Alikwenda kwa gari, akachora mshale wa kushoto huku injini inanguruma, na kama aliutazama upande wa kulia hakusema.

Asubuhi ya safari ukungu ulikuwa umelalia mashamba hata ng'ombe wakaonekana vichwa tu. Zilitolewa kadi arobaini na tatu. Kila mtu hugongewa kadi yake muhuri njiani na kuirudisha mwisho, na kadi isiyorudi ni mtu asiyerudi. Wa mwisho kuondoka alikuwa mzee Maxence Prudot, miaka themanini na mmoja, masikio mazito, na macho ambayo kwa maneno yake mwenyewe yalikuwa yanaona vitu vyeupe peke yake. Huja kutoka Nancy mara moja kwa mwaka na habari za huku hanazo.

"Mumeo yuko wapi, mama tarishi?" aliuliza akipanda baiskeli.

Hakuna aliyekuwa amemwambia. Odile alifungua kinywa, lakini mzee alikwisha kukanyaga pedali akamezwa na ukungu. Akangoja robo saa, kama Fernand alivyokuwa akingoja, kisha akamfuata.

Mshale wa kwanza, pale penye birika la kijiji la kufulia, ulikuwa umeshafutwa. Odile alidhani ni ujeuri wa Régis. Wa pili, kando ya ukuta wa makaburi, umefutwa. Kwenye wa tatu alishuka akainama. Katikati ya lami palikuwa na alama ya mwezi mwembamba, na vumbi jeupe lilikuwa bado halijatua.

"Nani huko?" aliita.

Akajibiwa na gurudumu. Mbele yake, ndani ya ukungu, mtu aliacha kukanyaga na gurudumu la nyuma likalia tik-tik-tik, likaruka pigo moja, likaendelea. Odile aliujua mlio huo vizuri kuliko saa ya jikoni kwake. Baiskeli yenye mlio huo ilikuwa inaning'inia bandani, tairi zote mbili hazina upepo, na ufunguo wa banda ulikuwa mfukoni mwake. Alisimama akiwa ameshika usukani mpaka mlio ukapotea.

Kituo cha muhuri ni duka la mikate la Solange, rafiki yake wa tangu shule. Solange alitoka ndani anajifuta unga.

"Umechelewa, shoga. Mfagiaji ameshapita."

"Mfagiaji ni mimi."

"Basi nani kagonga muhuri? Nilikuwa kwenye tanuri, nimeusikia. Nimesikia na kisigino pale nje, kraa. Nikasema moyoni, Fernand huyo." Solange akajiziba mdomo. "Nisamehe. Ulimi wangu huu."

"Ulimwona?"

"Mgongo tu. Kaa kwanza unywe kahawa, mbona umekuwa hivyo?"

"Maxence amepita?"

"Mbele yake kidogo tu. Odile, kaa."

Hakukaa. Alikuwa anaogopa, na baadaye alikuja kutueleza mwenyewe alichokiogopa. Mume wake, hai au mfu, hakumtisha. Kilichomtisha ni kwamba Fernand alikuwa anaelekea Mornécourt, na angefika kabla yake, na angeuona mshale. Alikanyaga kama hajakanyaga tangu enzi za posta, na mapafu yakawa yanamwaka, na kila njia panda aliyoipita chokaa ilikuwa imefutwa.

Kwenye njia panda ya Mornécourt alifunga breki. Mshale wa Régis, wa kushoto, ulikuwa mzima. Ulikuwa wa kwanza mzima siku ile. Na upande wa kulia, ukielekea msituni, ulikuwapo wa Odile mwenyewe, wenye mkia uliopinda, mweupe kuliko ule mpya kana kwamba umechorwa asubuhi hiyo. Mwaka mzima wa mvua na theluji haukuutoa. Utepe wa watu wa misitu ulikuwa umekatika, umelala majanini. Juu ya matope ya ile njia paliingia alama za tairi za baiskeli moja tu, na ndani kabisa, kati ya miti, gurudumu lilikuwa linalia na kuruka pigo.

Odile aliegesha baiskeli akaingia kwa miguu, akikanyaga juu ya alama za tairi.

Mornécourt hakuna nyumba. Kuna mashimo na vilima vidogo vilivyoota nyasi, na nguzo fupi zenye vibao vya kukumbusha palikuwa na nani: Mhunzi, Shule, Mwoka Mikate. Ndege hawalii pale, nasi tuliokulia huku tumezoea kusema ni kwa sababu ya kivuli. Mzee Maxence alikuwa ameketi kwenye jiwe la kizingiti cha mwoka mikate, baiskeli imelala kando, mikono juu ya magoti kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mzee Maxence, usiinuke," Odile alisema kwa sauti kubwa.

"Siinuki. Mumeo kanikataza."

Odile alisogea hatua moja.

"Nilitaka kwenda pale nyuma ya mti, samahani mama, mambo ya uzee. Akanishika bega. Kaa hapa, anasema, usiongeze hata hatua, Odile anakuja. Halafu mkono wake wa baridi kweli. Mwambie avae glavu."

Hatua mbili mbele ya viatu vya mzee, chini ya mzizi ulioinuka, palikuwa na chuma chenye kutu, kinene kama paja la mtu, ncha juu. Odile alikitazama. Hakumwambia mzee kitu. Alimshika kiwiko akamwinua polepole, akamgeuza.

"Ana hasira, mumeo?" Maxence aliuliza.

"Kwa nini?"

"Aliniuliza ni nani aliyeuacha ule mshale. Nikamwambia mimi bwana naona cheupe, nafuata."

Walitoka wakikanyaga alama zile zile, Odile anakokota baiskeli ya mzee. Njia nzima alihisi mtu nyuma ya shingo yake, karibu hivi, asiyepumua.

Pale njia panda alimwagia mshale wake maji yote ya chupa. Akausugua kwa kiatu, haukutoka. Akapiga magoti, akaokota jiwe akaukwangua, mpaka vidole vikachubuka na chokaa ya maziwa ikawa uji wa kijivu.

"Nilikudanganya," alisema kwa sauti. "Sikuja kuuona. Kila siku nilikwambia nimeuona na sikuja. Niliogopa, Fernand. Karibu nimuue mtu."

Maxence, asiyesikia, alidhani anasali akavua kofia. Odile aliinuka, akaegemea mguu wa kulia, akazungusha kisigino cha kushoto vibaya vibaya, nusura aanguke. Palibaki mwezi uliopinda mkia.

Toka pale mlio ulikuwa nyuma yao. Mishale ya mbele ilikuwa mizima yote, naye hakuifuta. Kila walipopita njia panda aliisikia kraa ya kisigino, hatua chache nyuma, mahali panapompasa mfagiaji. Hakugeuka. Machozi yalimtoka akayaacha, mikono ilikuwa na kazi.

Ukumbini pai ilikuwa imeisha kweli. Régis aliipokea kadi ya Maxence akaiweka juu ya nyingine.

"Arobaini na tatu. Wote ndani. Nakwenda kuufuta mshale wa mlangoni tufunge njia."

"Usiuguse," Odile alisema.

"Odile, nimehesabu. Hakuna aliyebaki."

"Mumewe amebaki," Maxence alisema huku anatafuta glasi. "Si huingia wa mwisho siku zote?"

Uma zikasimama hewani. Mtu mmoja alianza kumwinamia mzee amweleze, Odile akamzuia kwa mkono. Aliketi, mgongo kwa mlango. Nje, kwenye mawe ya uwanja, gurudumu lilikuja tik-tik-tik, likaruka pigo, likasimama. Kisha kisigino. Régis alisikia, maana nilimwona akiweka glasi mezani kwa mikono miwili. Hakuna aliyekwenda kufungua mlango. Tulipotoka, mshale wa mlangoni ulikuwa umefutwa.

Mei iliyofuata Odile aliondoka robo saa baada ya wote, masikio wazi. Hapakuwa na ukungu. Mshale wa kwanza, pale penye birika, ulikuwa mzima, mweupe, haujaguswa na mtu. Alisimama pale muda mrefu akiungojea ule mlio. Kisha akaegemea mguu wa kulia.