Makofi ya Mtunza Ukumbi

Mtunza ukumbi ana mkono mmoja tu; mkono wa kushoto wa shati lake ameukunja na kuubana kwa pini. Kwa huo mmoja anapanga viti mia mbili, na kufuli analifunga huku akiubana mlango kwa goti. Huongea chinichini, kama mtu anayechelea kumwamsha mtoto. Kila mkutano ukiisha humwambia mfagiaji, "Tangulia, mwanangu, niuage ukumbi kwanza." Mzee akishaingia peke yake, mfagiaji aliye nje na ndoo yake husikia makofi, ya taratibu, ya mtu aliyeridhika.

Mchana mmoja uvumilivu ulimshinda mfagiaji, akamfuata ndani. "Mzee, hayo makofi unayapigaje?"

Mzee akamwonyesha kiganja kilichoota sugu. "Kofi ndilo hili, mwanangu. Makofi ni mpaka lipate mwenzake."

Akavigeukia viti vitupu, akauinua mkono mbele ya kifua, akasubiri. Pa. Pa. Pa. Mkono wa mzee ulikuwa umetulia tuli. Nyama ya kiganja ndiyo iliyokuwa ikibonyea kwa kila pigo.

"Umesikia?" akanong'ona. "Leo amekusifia wewe, ulivyofagia."