Mpare na Chura wa Kwenye Ndizi

Watani wana ruhusa ya kusemana, kwa hiyo tuelewane mapema: mimi Clementina ni Mchagga wa Machame, Elineema ni Mpare wa Usangi, na lolote nitakalosema juu yake hawezi kunishitaki. Ingawa kushitaki kwa Mpare ni starehe. Ng'ombe atamuuza ili afuatilie kesi ya kuku.

Tulipanga nyumba moja kuukuu huko Brussels, mtaa wa Saint-Gilles, yeye chini, mimi juu yake. Chumba chake kilikuwa na unyevu wa kutosha kupanda mpunga. Alikuwa anaosha vyombo hotelini karibu na stesheni ya Gare du Midi, kazi aliyoisimulia kana kwamba hoteli ni ya baba yake.

Mwaka 2009, mwezi wa sita, mama yake alifariki. Kibali cha Elineema cha kuishi Ubelgiji kilikuwa ofisini kikisubiri kuongezwa muda. Angetoka asingeruhusiwa kurudi. Wakamzika bila yeye. Tukakaa naye msiba hapahapa Brussels, tukapika, tukaimba, na sisi watani tukafanya vituko vyetu kama desturi inavyotaka. Nilivaa hata koti lake nikamwigiza anavyobania chumvi. Hakucheka. Miezi ikapita hivyo, salamu ya kichwa tu kwenye ngazi, na mimi nikaanza kuogopa.

Basi Septemba akanigongea, macho yanang'aa, akaniambia nishuke nikaone mgeni. Mgeni alikuwa kwenye kioo cha dirisha la jikoni: chura mdogo kama kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa, ametulia kiooni kama amegundishwa. Ncha za vidole vyake zilikuwa za mviringo, kama vifungo vya shati la mtoto. Elineema akanifundisha, bila kuombwa, kwamba vidole vya namna hiyo ni vya chura wa mitini, kwamba wa chini hawezi kupanda kioo. Alishakwenda maktaba. Kitabu kilisema chura wa mitini wa huku Ulaya ni kijani, na ana mstari mweusi kuanzia puani hadi ubavuni. Huyu hakuwa na mstari. Kwa hiyo si wa huku. Kwa hiyo ametoka Usangi.

Ndiyo, hivyo hivyo. Dunia ya Mpare ina nchi mbili.

Nikamuuliza chura wa Usangi amepanda ndege gani. Akasema amekuja ndani ya ndizi alizonunua Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika. Hapo nikamshika: kama ametoka kwenye ndizi, basi ni Mchagga, maana ndizi ndiyo sisi, na namdai anirudishie ndugu yangu. Elineema akacheka. Alicheka mpaka akashika meza. Nilipanda kwangu nikajifungia nikalia kidogo, halafu nikamsengenya chura yule kwa simu mpaka kwa dada yangu.

Tangu hapo ikawa vituko. Akichemsha maji, mvuke ukipanda, chura analia, tri-tri-tri, na yeye anamjibu kwa Kipare. Kipare nakijua kiasi cha kusengenyana, na sakafu ile ilikuwa nyembamba. Alimwuliza habari za mvua. Alimwuliza tangawizi imetoka vipi. Siku moja nikasikia anamwuliza kama kaburi limeshajengewa. Nikafungua redio.

Oktoba chura akaanza kukonda. Nzi wamekwisha, baridi imeingia, na Elineema hakujua ampe nini. Watu wa maktaba wakamwelekeza kwa Sidonie, binti wa chama kimoja cha wapenda vyura, maana kuna watu Brussels wana nafasi hiyo. Akaja na kioo cha kukuzia na tochi. Akakagua vidole, akakagua mapaja, akatusikilizisha milio kwenye simu yake, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukalia ule ule wa jikoni. Halafu akauliza ndizi zilikuja na boksi gani. Boksi lilikuwa mlangoni, Elineema amepangia viatu. Liliandikwa Ekwado, herufi kubwa kama za tangazo la uchaguzi.

Kwa upole Sidonie akaeleza kwamba huyu ni wa Amerika ya Kusini, kwamba wenziwe walishafika huku na ndizi, na kwamba chumba hiki kitamuua. Yeye ana mahali pa joto pa kumtunza. Elineema akalitazama lile boksi muda mrefu. Mwezi mzima alikuwa akimwuliza habari za nyumbani chura asiyewahi kusikia hata jina la Usangi. Nilikuwa na utani wa kutosha mwaka mzima. Nilifungua mdomo.

Yeye akawahi. Alimweka chura kwenye chupa kwa mikono yake, akampa Sidonie, akamwambia kwa Kifaransa chake cha jikoni, "Ukimlisha, msalimie kwanza. Amezoea." Kisha akamfundisha salamu ya Kipare, taratibu, na yule binti akairudia mpaka akaipata.

Nikafunga mdomo.

Jumamosi nilikwenda Matonge kununua ndizi. Nilizipekua chane kwa chane, boksi kwa boksi, mpaka mama muuzaji akaniuliza kama natafuta zilizooza. Nikamwambia hapana, natafuta zilizotoka kwetu.