Albamu Yenu Imesemwa, Usiikimbie

Siku moja siisahau, mwanangu, mpaka leo. Nakwambia hapa hapa nje ya mlango wako, maana tangu jana umejifungia, chakula hutaki, ati albamu ya bendi yenu imesemwa vibaya.

Nimesikia, Rehema. Redio ninayo. Yule mtangazaji na sauti yake ya puani: "Wasikilizaji waaangu, vijana hawa wa Makorora wamevaa bugaluu, suruali pana za babu zao, magitaa yanakoroma kama pikipiki mbovu, kazi nzima inanuka dawa ya mende!" Nikacheka, Mungu anisamehe. Na binti wa jirani kanisomea ya kwenye simu: "Roki ya gereji irudi gereji." Kwani uongo? Si gerejini mlikorekodia? Lakini uliposema Jumamosi hupandi jukwaani Chumbageni, na gitaa unaliuza, hapo nikaogopa mie.

Maana nilikuwa kama wewe. Nilikuwa kwenye kikundi cha taarab cha akina mama. Enzi zetu wimbo mpya hauendi harusini mpaka upimwe uani, siku wanawake wanakuna nazi za wali wa harusi. Wewe unasimama katikati unaimba, wao wamekalia mbuzi zao za kukunia nazi, kwaru kwaru, hata hawakutazami. Ukimaliza ndio wanakusema. Na walikuwa wanajua kusema, wale!

Basi nikasimama. Ubeti wa kwanza, mbuzi zinakwaruza. Wa pili, zikanyamaza zote. Wanawake ishirini wamenikodolea macho. Moyo ukanambia, umeharibu, utachekwa mji mzima. Nikajifunika leso usoni, mbio mpaka nyumbani, nikakomea mlango.

Jioni kaja Bi Mwanaidi, mpiga ngoma wetu, jimama lenye sauti kama gunia linaburutwa: "Wee mtoto, wakimbia nini? Watu wameacha nazi wakusikilize, wewe watimua mbio! Ubeti wa tatu mrefu, tulitaka kukwambia uukate, basi. Sasa wimbo tumempa Saumu."

Saumu akauimba, watu wakasimama juu ya viti. Mie niko jikoni nasuuza sahani. Sikuimba tena, mwanangu. Kila nilipotaka, woga ulishatangulia kukaa kooni.

Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ila si kila anayesema ni chura. Yule mzee wa gazetini kasema, "Magitaa matamu, lakini sauti ya binti imezama, maneno sikuyapata." Huyo hajakutukana. Hata mie niliyekulea sikuyapata! Na usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwambie mpiga ngoma wenu apunguze mkono, usikike. Wa dawa ya mende mwachie mende wake. Panda, imba mpaka mwisho, halafu kaa uwasikilize wamalize kusema. Usijihukumu kabla yao, maana ukikimbia, wimbo wako utaimbwa na mwingine, na wewe utausikia ukiwa jikoni.

Nenda, mwanangu. Mola akupe sikio la kubagua la kweli na la kejeli. Woga ukija, na uje. Koo tu usikufunge. Amina.